Jani la Leusa

Mama yangu, Tegwen, alikuwa mtoto wa kuachwa. Februari ya 1921 aliletwa kwenye shamba la Blaencwm, vilimani magharibi mwa Wales, akiwa na siku tisa, amefungwa ndani ya mfarishi mwekundu wa sufu, ule wa tabaka tatu unaoshonwa kwa mkono. Wenye shamba walimlea wakampa jina lao. Mama mzazi ni nani hawakumwambia, na watu wa bonde letu wakiamua kufunga mdomo, wamefunga. Alikufa na miaka sabini na saba bila kujua. Kosa ni langu.

Kwetu mfarishi ukichakaa hauna heshima. Unafunika viazi ghalani, au injini ya trekta wakati baridi ikikaza. Huo mwekundu mimi mwenyewe niliukata pembe zake tatu nikawatandikia mbwa. Mama aliona, akauchukua uliobaki akautandika kitandani kwake.

Halafu likaja tangazo: kwenye ukumbi wa kanisa kutakuwa na siku ya mifarishi, kila mtu alete wa kwao, wazee wanaozijua kazi za mafundi wa zamani wataitazama.

"Mererid, nipeleke," Mama akasema. "Na mfarishi wangu."

"Ule? Mama, unanuka mbwa! Unataka wale wanawake wa kanisani watucheke mpaka Krismasi?"

"Wacheke. Meno ni yao."

"Mwakani basi. Niufue kwanza."

Sikuufua. Januari Mama aliugua kifua, Machi akafa. Alikuwa ameniagiza: "Mimi mnichome moto. Makaburini watu wanalala na ndugu zao. Mimi nitalala na nani?" Nikatii. Majivu niliyarusha juu ya kilima siku ya upepo, nikajiona mtoto mwema.

Mwaka uliofuata majuto ndiyo yaliyonipeleka ukumbini. Nilikaa karibu na mlango, mfuko magotini. Bibi mmoja mnene wa miaka themanini na kitu, jina lake Nesta, alikuwa akipita meza kwa meza na kikombe cha chai. Hakuniuliza, aliuchomoa mfarishi, akaukunjua mpaka kwenye pembe moja iliyobaki. Chai ikamwagika.

"Huu umeutoa wapi?"

"Wa mama yangu. Aliletwa nao Blaencwm, mchanga kabisa."

"Mwaka gani?"

"Ishirini na moja."

Akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye meza yake, palipokuwa na mifarishi miwili ya kwao. Akanionyesha pembe. Yote mitatu ilikuwa na jani lililoshonwa kwa uzi, lile lile: mishipa saba, mmoja umepinda kushoto.

"Kazi ya mama mdogo Leusa hii," akasema. "Alikuwa fundi wa kutembea, analala kwenye mashamba ya watu wiki mbili mbili, anawashonea. Watu baki aliwawekea umbo la konokono pembeni. Jani ni la ndugu tu: bibi yangu, mama yangu, mimi. Mwingine hapati, hata alie."

"Labda aliugawa," nikasema. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

"Augawe? Thubutu! Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka. Majira ya baridi yale walisema kaenda kumuuguza shangazi yake. Karudi kakonda, haongei. Hakuolewa maisha yake yote. Na Blaencwm alikwenda kila Oktoba, hata mwaka ambao hawakuwa na kitu cha kushona."

Hapo nikakumbuka. Kwetu mtoto wa nyumba ndiye humtungia fundi uzi kwenye sindano, na Mama alipokuwa mdogo alimtungia fundi wa Oktoba. "Macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu," alikuwa akinisimulia, "lakini sindano zote alitaka nizitunge mimi. Nikimpa, anaushika mkono wangu kidogo. Nilimpenda sana yule mama." Mimi nilikuwa naosha vyombo, nasikia nusu. Jina la fundi sikuwahi kumuuliza.

"Alikufa lini?"

"Sitini na nne. Yuko hapo nje. Njoo."

Kaburi lilikuwa la watu wawili. Upande wa kushoto wa jiwe kulikuwa na jina la Leusa. Upande wa kulia palikuwa patupu, pamelainishwa tayari kuandikwa.

"Alilinunua mwenyewe akiwa hai," Nesta akasema. "Tulimcheka! Mama mdogo, mume huna, upande wa pili unamwekea nani? Anatujibu, yupo mtu wangu, atakuja. Mpaka leo hatujamlaza mtu." Akanigeukia, macho yamejaa machozi, na bado anatabasamu. "Sasa mlete, mwanangu. Mama yako mmemzika wapi?"

Nilikuwa nimeushika mfarishi kifuani. Nyuma ya kanisa kile kilima kilionekana chote, na upepo ulikuwa unavuma kama siku ile.