Sentimita Kumi na Mbili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya pili ya Juni, kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi kilitoka kimelowa hadi alama ya juu. Gidamis alikifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, akakirudisha kwenye mrija wake, akakichomoa tena. Alama ileile. Injini ilikuwa ya moto, ikinguruma taratibu, na mkono wa gia alikuwa ameupitisha kwenye kila nafasi na kuurudisha kwenye maegesho kabla ya kupima. Hakuna hatua aliyoiruka. Giaboksi iliyojaa mafuta na bado inateleza ina jibu moja, na jibu hilo alikwisha kulitoa Alhamisi: pleti za ndani, zinazoshikana ili gari livute, zimekwisha, giaboksi imekufa.

Asingepima mara ya pili kama mwenye gari asingemwomba. Judica alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya upande wa Tlawi, mzaliwa wa Same, mwaka wake wa nne Mbulu. Gari lenyewe, Carina la mwaka tisini na saba, lilikuwa dogo kwake kiumri kwa miaka mitatu tu. Kila Jumatano lilibeba sampuli za makohozi kutoka vijijini hadi mjini. Saa nane mchana dalali wa Babati angefika kulichukua na kulikata vipuri, kwa maana kulinunulia giaboksi nyingine kungekuwa sawa na kumvika maiti viatu vipya.

Judica alikuwa amesimama kando, mikono ndani ya mifuko ya sweta, baridi ikimtoa mvuke mdomoni.

"Yamejaa, dokta," Gidamis alisema.

"Mimi si daktari, fundi. Na harufu?"

Gidamis alikinusa kijiti. Mafuta yalikuwa mekundu na hayakunuka chochote kibaya. Pleti zikiungua mafuta huwa meusi, hunuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Jambo hilo aliliona tangu Alhamisi akaliweka pembeni, kama mtu anavyolipuuza jiwe lililomgusa ndani ya kiatu kwa kuwa amebakiza hatua chache kufika.

"Safi," alisema.

"Basi una majibu mawili yanayopingana. Kiasi kinasema mgonjwa amekufa, harufu inasema mzima."

"Hili ni gari, si mkojo. Gari halidanganyi."

"Mkojo nao haudanganyi," Judica alisema bila kutabasamu. "Anayekosea ni mpimaji."

Mtu mwingine angefukuzwa uani kwa neno hilo. Gidamis alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ishirini na sita kati yake ikiwa ya giaboksi za otomatiki. Waliokuja kwake kutoka Katesh na Nangwa walipita gereji nyingine njiani kwa sababu moja: hakubahatisha. Aliposema gari limekufa, watu walilia kilio chao wakaondoka, na hakuna aliyekwenda kuuliza kwingine. Neno lake lilikuwa muhuri. Lakini msichana huyu alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika kila mara gari lilipoteleza: tarehe, saa, mahali. Mara kumi na moja. Zote gari likiwa la moto, zote likipanda mlima. Injini ilipiga kelele na gari likabaki pale pale. Kwenye tambarare, hata likiwa limebeba watu watano na magunia mawili ya vitunguu saumu, halikuteleza hata mara moja. Pleti zilizokwisha hazichagui barabara hivyo. Alijua hilo kabla hajalisoma.

Judica alimuuliza kama siku zote hupimia hapo. Gidamis alijibu kwamba ndiyo, hapo hapo, gari likitazama geti, na ndiyo sababu aliitengenezesha sakafu hii ya saruji alipohamia Endagikot miaka mitatu iliyopita: mafuta ya giaboksi hupimwa mahali tambarare, na katika vilima hivi tambarare hupatikana kwa kununua.

Kicheko kilisikika upande wa pili wa ua. Nicodemo, fundi uashi, alikuwa akijenga ukuta wa jirani. Ndiye aliyeimwaga sakafu ile.

"Tambarare?" alisema, mwiko mkononi. "Nani kakwambia ni tambarare?"

Gidamis alimtazama.

"Fundi, sakafu ya nje haiwi tambarare. Maji yatakwenda wapi? Nimeilaza kuelekea getini, na kwa mvua za hapa nimeilaza vizuri. Tangu umehamia umewahi kuona dimbwi?"

Hakuwahi. Alipata hata kumsifu Nicodemo kwa hilo, mbele ya watu.

"Hukuniambia."

"Ulisema hutaki matope. Hukusema unataka pa kupimia."

Gidamis aliitazama sakafu. Machoni ilikuwa tambarare kama meza. Nyuma yake kilima kilipanda, mbele yake bonde lilishuka, na nyumba, mashamba na miti vyote vilikuwa vimeegemea huku au kule. Katikati ya ardhi iliyoinama kiasi hicho, kilichoinama kidogo huonekana kimenyooka.

Hakubishana. Alimwomba Nicodemo alete mpira wake wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao waashi huutumia kutafuta usawa, kwa kuwa maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja bila kujali macho ya mtu yanasemaje. Nicodemo alishika ncha moja kwenye gurudumu la nyuma, Judica akashika nyingine kwenye gurudumu la mbele. Gidamis alipima kwa futi ya chuma, akapima tena. Mbele palikuwa chini kuliko nyuma kwa sentimita kumi na mbili. Na mrija wa kijiti uko mbele ya giaboksi. Mafuta machache, yakikimbilia mbele, yangekilowesha kijiti kama mafuta mengi.

Walipanga mbao mbele ya magurudumu ya mbele, Gidamis akaliendesha gari juu yake kwa upole, na mpira wa maji ukathibitisha usawa. Kisha akaanza mwanzo: injini ya moto, mkono wa gia kwenye kila nafasi, kurudi kwenye maegesho, kuchomoa, kufuta, kurudisha, kuchomoa.

Ncha tu ndiyo iliyolowa. Alama ya chini kabisa ilikuwa kavu.

Nicodemo aliukunja mpira wake akarudi kwenye ukuta.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya kawaida. Gidamis aliingia chini ya gari na taa, akaufuata mpira unaopeleka mafuta kupozwa kwenye rejeta, akakuta kibano kimelegea na vumbi la mahali hapo limegeuka tope jekundu. Huvuja gari likiwa la moto na likitembea, likisimama hukauka. Alibadilisha kibano. Aliongeza mafuta kidogo kidogo, akipima kila mara, hadi yakafika yalipotakiwa. Iliingia lita moja na robo. Saa tano na nusu walilipandisha gari kile kilima cha kuelekea Tlawi, Judica akiendesha, Gidamis kando yake akisikiliza kwa nyayo. Pale ambapo daftari liliandika mara nne kwamba gari limekataa, lilibadili gia, likavuta, likapanda. Juu kabisa waligeuza, wakashuka, wakapanda tena. Halikuteleza.

Judica aliegesha pembeni, akampigia dalali na kumwambia asije. Dalali alisema mengi. Yeye alijibu machache, kisha akakata. Akamgeukia Gidamis.

"Kwa hiyo tatizo lilikuwa nini, fundi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake, na lilikuwa la kweli: mpira ulikuwa unavuja, kibano kimebadilishwa. Angeweza kuishia hapo. Nicodemo angetania juma moja na kuchoka, na kesho magari yangeendelea kuja kutoka Katesh. Ukweli uliosemwa nusu hauna alama inayoonekana kwa nje. Lakini Gidamis alikwisha kuanza kuhesabu tangu alipokuwa chini ya gari, na hesabu ikianza haiachi mtu kwa kuombwa.

Tangu sakafu ile imwagwe, mbali na hili, magari matano aliyatangaza kuwa yamekufa giaboksi. Moja alilifungua mwenyewe akaziona pleti zimeungua. Hilo halikuwa na shaka. Mawili yalikatwa vipuri. Moja liliuzwa Singida, na mwenyewe hajulikani alipo. La tano lilikuwa la mzee Baltazar wa Nangwa, lililoletwa Aprili ya mwaka jana na malalamiko yale yale: linakataa kupanda. Alijaribu kukumbuka rangi ya mafuta yake. Alikumbuka wekundu, lakini hakuwa na uhakika kama alikuwa anaukumbuka au anautamani. Hakuwa ameandika.

"Mpira ulivuja," alisema. "Lakini hilo ni tatizo la gari. Tatizo la pili ni langu. Nilipima mahali pabaya, nikakwambia limekufa. Na si wewe peke yako."

Akamweleza magari yote matano. Judica hakumwambia kwamba si neno, wala hakumlaumu. Alisema tu kwamba kwao maabara, ikigundulika mashine ilikuwa inasoma vibaya, huchukua daftari na kuwaita wote waliopimwa nayo tangu siku ilipoharibika.

"Wote?"

"Wote. Hata waliokwisha kupona."

"Na wanakuja?"

"Wanakuja wakitukana," Judica alisema. "Lakini wanakuja."

Alimrudisha gereji, akamshukuru, akaondoka. Gidamis alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha akakaa juu ya tairi muda mrefu baada ya mikono kukauka. Saa tisa na dakika thelathini alipiga simu Nangwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Gidamis, fundi wa Endagikot."

"Ah, mzika magari," Baltazar alisema. "Nani kafa tena?"

Gidamis alimuuliza kama lile gari bado lipo. Lilikuwepo. Lilikuwa chini ya turubai nyuma ya zizi, limejazwa mbegu za mbaazi kwa kuwa panya hawakuweza kuingia. Alimuuliza kama alipata jingine. Hakupata. Mkewe, Getruda, mwenye nyonga mbovu, sasa alikwenda kanisani kwa bodaboda, amekaa upande, na mvua ikinyesha hakwenda. Mzee aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, kwa kuwa gari likifa limekufa na hakuna wa kulaumiwa.

"Mzee," Gidamis alisema, "gari lako nililipima vibaya. Sakafu yangu imeinama, sikujua. Inawezekana lilikuwa limepungukiwa mafuta tu. Inawezekana pia limekufa kweli. Sijui, na siku ile nilisema najua. Kesho baada ya ibada nakuja kulipima upya, hapo hapo lilipo."

Ilisikika sauti ya mzee ikiwa mbali na kifaa, ikizungumza Kiiraqw na mtu ndani ya nyumba, sentensi tatu au nne. Kiti kilikokotwa. Kilichofuata kilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka.

"Fundi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hayo uliyomwambia mume wangu, niambie mimi."

Saa tisa na dakika arobaini na mbili Gidamis alisimama kutoka kwenye tairi na kumwambia, neno kwa neno.