Sauti ya Evaristo

Kamba ilimkata Casilda kwapani huku akishuka ndani ya kisima kikavu, na mwanga wa juu ukazidi kuwa mdogo. Chini yake mbwa hakubweka wala kulia. Alitetemeka tu.

"Yu hai, wifi?" Obdulia aliuliza kutoka juu.

"Yu hai! Ngoja nimfunge."

Msimu wa kuwinda sungura ulikuwa umekwisha, na kila Februari wanawake hawa wawili, wafagizi wa kinu cha zeituni, walizunguka mashamba ya Extremadura, Uhispania, kutafuta mbwa waliotupwa na wawindaji. Huyu alikuwa jike wa mbio, mbavu nje. Shingoni alikuwa na kidonda kibichi, pale mtu alipochimbua kwa kisu kidude cha chini ya ngozi kinachomtambulisha mwenye mbwa.

Mara gari likanguruma. Kamba ikalegea.

"Evaristo huyo," Obdulia alinong'ona. "Nyamaza!"

Casilda akamlalia mbwa, akamziba mdomo kwa kiganja. Evaristo, mwenye shamba, aliwahi kuapa kuwa atakayegusa mbwa wake atamzika naye.

"Unatafuta nini shambani kwangu?"

"Kuni."

"Kwa kamba?"

"Sasa nizibebe kwa meno?"

Evaristo akacheka, lakini hakuondoka. "Na wifi yako? Nyinyi si chanda na pete?"

"Ana mafua."

Mbwa aliisikia ile sauti. Mkia wake ukaanza kupiga mawe kwa furaha, pa, pa, pa. Casilda akaudaka. Alikuwa amechelewa. Kivuli cha kichwa kikaziba mdomo wa kisima, na vijiwe vikamwangukia mgongoni.

"Ni mimi, Evaristo," alisema. "Niko na mbwa wako. Tuvute."

Alimsikia Obdulia akilia.

Kisha kamba ikakazika, ikavutwa kwa nguvu ambazo Obdulia hakuwa nazo.

Juani, mbwa alijiburuta hadi kwenye viatu vya Evaristo, akavilamba vumbi. Evaristo akautazama mkono wake kana kwamba hajui auweke wapi.

"Si wangu," alisema.

"Basi Jumamosi mwalimu mmoja wa mji wa Trujillo atamchukua," Casilda alisema. "Ana bustani."

Evaristo akaondoka bila kuaga. Obdulia akaketi chini. Casilda alimshika mbwa kifuani kwa mikono miwili, maana alikuwa akivuta, akivuta, kulifuata gari.

Vumbi lilitua juu ya mizeituni. Mbwa alibaki amesimamisha masikio, akisikiliza.