Daka, Baba

Kimeu alikuwa anapura ndengu nje ya boma lake huko Kyuso wakati Mutanu, bintiye wa miaka minane, alipotokea mtoni, kwenye mchanga mkavu, ameshika kitu. Hakumjali. Mtoto huyo harudi nyumbani bila kuokota takataka.

Sasa nikwambie, Kimeu hakuwa mtu wa kuchezewa uwanjani. Kriketi aliianza akiwa shule ya bweni Makueni, akafika Nairobi, akavaa jezi ya taifa. Mpira ukielekea kwake, mpigaji alikuwa anaanza kuvua glavu, akijua atadakwa. Kisha akaingia jeshi, wakampeleka vitani Somalia, na asubuhi moja mtu akarusha guruneti juu ya ukuta. Wenzake walijitupa chini kama walivyofunzwa. Yeye akadaka. Mkono ulifanya kazi yake kabla ya kichwa, ndiyo hivyo. Alipolirudisha lilipasuka hewani, likaenda na vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye huwaambia watu wa sokoni kwamba aliacha kriketi kwa kuwa ni mchezo wa kitoto. Uongo mtupu. Mlango ukibamizwa tu, anatetemeka.

Mutanu hakuambiwa lolote. Alichojua ni kwamba kila akimrushia baba mpira wa matambara, baba hugeuka akaenda zake.

"Baba, leo nimepata mpira mgumu," akasema, akiwa hatua ishirini hivi. "Ona, ulikuwa hata na pete."

Kimeu akatazama. Chuma cha kijani, kina kutu, kimejaa kiganja cha mtoto. Wezi wa mifugo walikimbilia mtoni humo mwaka jana, wakifukuzwa na askari. Pete ilikuwa kwenye kidole cha Mutanu. Kilichozuia guruneti hilo kulipuka ni vile alivyokibana tu kipini chake cha ubavuni.

Alitaka kupiga kelele, lakini Mutanu akifokewa huachilia chochote alichoshika. Vikombe vya mamake, Kavata, viliisha hivyo.

"Daka, Baba." Mkono wa mtoto ukarudi nyuma.

"Ngoja, mama." Ndivyo alivyomwita bintiye. "Mpira haushikwi hivyo. Ubane kabisa, nije nikuonyeshe."

Uso wa Mutanu ukachangamka. Miaka mitatu alikuwa akingoja maneno hayo.

Kimeu akatembea hadi kwake. Akaufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake wa vidole vitatu. "Sasa toa vidole. Polepole." Akahisi kipini kikisukuma kiganja chake. "Nenda kwa mamako. Usirudi."

"Si umesema utanionyesha?"

"Nenda, Mutanu."

Akaenda akilia. Kimeu akasubiri mpaka alipopotelea nyuma ya nyumba. Akageuka kuelekea mtoni. Akarusha kwa bega ambalo halijarusha kitu tangu vitani, akajitupa chini. Ardhi ikaruka, mchanga ukamwagika mgongoni.

Mutanu ndiye aliyefika kwanza, Kavata akimwita kwa nyuma. Akasimama mbali na babake.

"Nimekosea?"

"Hapana. Ni mimi sikukuambia." Kimeu hakuweza kuinuka. "Naogopa, mama. Chochote kikirushwa, naogopa. Kila siku."

Mtoto akakaa kando yake, akaficha mikono kwapani.

"Basi sitakurushia kitu tena," akasema.

Kimeu akashukuru moyoni. Na kwa kushukuru huko akaona aibu, akashindwa kumtazama.