Kadi ya Mke wa Askari

Kambini, kadi ya mke mmoja hutibu nyumba nzima, na anayeona haya kuiazima atakufa na haya zake. Kwa hiyo Akwero, alipohamia Kampala kutoka kambi ya baba yao kule Gulu, akaja kukaa kwa dada yake Akidi, mke wa sajini, naye akawa Akidi kila alipofika zahanati. Kliniki ya afya ya uzazi ilipoita wanawake wapimwe saratani ya mlango wa kizazi, walikwenda wote wawili, kila mmoja siku yake, kwa jina lile lile.

Baadaye nesi Nerima akapiga simu: sampuli ya Akidi ina chembe mbaya, aje atazamwe kwa kolposkopu. Hofu ilimjaa Akidi hata asikumbuke kwamba kuna Akidi mwingine, naye yuko jikoni anamenya muhogo.

Alilazwa kitandani, miguu juu. Daktari akapaka siki, akainamia ile darubini yao iliyosimama kwenye mguu wa chuma, akatazama polepole huku Nerima amemshika mkono. Penye ubaya pangegeuka peupe, alimweleza, naye angepachoma papo hapo mgonjwa aende zake nyumbani. Peupe hapakuonekana. Maabara nayo hukosea, akasema daktari, nenda kwa amani. Akidi alirudi akimwimbia Mungu, masikini, mjinga wa watu.

Mwaka wa tatu Akwero alianza kutokwa na damu. Akatazamwa kwa darubini ile ile, safari hii kwa jina lake mwenyewe, na daktari hakuhitaji kuinama sana. Saratani ilikwisha tambaa hadi kwenye kibofu. Daktari akauliza mbona mgonjwa hakuwahi kupimwa. Hapo ndipo Akidi, aliyemsindikiza, alipoelewa ile sampuli mbaya ilikuwa ya nani.

Pale wodini alimwambia mdogo wake yote, hakuficha neno. Alitaka alaaniwe. Matusi ya kambini aliyakulia, angeyabeba yote.

Akwero akanyoosha mkono uliobaki mifupa, akamfuta machozi.

"Dada, wacha kulia. Wewe iko mzima. Watoto yako iko na mama."

Moyo wa Akidi ulipasuka. Tangu hapo kila alipompelekea uji aliyangoja yale matusi, akiamini maumivu yatamtoa mwenzake uvumilivu. Akwero alikufa hajamtukana.