Kandambili za Mtu wa Arobaini

Mwaka niliofukuzwa bweni la madrasa kwa siku thelathini, kijiji chetu cha Pandanrowo kilikuwa kimebakiwa na wanaume arobaini kamili, nami nikiwa mmojawapo. Kosa langu halikuwa kubwa. Wanafunzi mia tatu na walimu wao walipokuwa wakisali alasiri, nilizifunga kandambili zao zote kwa uzi mmoja wa nailoni, kwa nia safi ya kuleta umoja. Walimu hawakuuona umoja huo. Walininyoa kipara, wakanipakia kwenye basi, nikarudi nyumbani majini.

Bahari ilianza na mashamba ya mpunga, ikamaliza mabwawa ya samaki, ikaingia barabarani, na sasa ilikuwa ikipita jikoni kila siku bila hodi. Sakafu ikizama, watu huinyanyua kwa udongo. Paa hubaki pale pale. Baba yangu, Tarmuji, ndiye aliyekuwa akiuleta udongo huo kwa boti kutoka bara. Sakafu yetu ilikuwa imepandishwa mara nne. Mama alipika ameinama, baba aliingia ameinama, na mgeni akija, hata awe mkuu wa wilaya, alitusujudia kwanza mlangoni.

Msikiti nao ulikuwa vivyo hivyo. Madirisha yalikuwa usawa wa magoti. Mwadhini alikuwa Babu Kaslan, baba yake mama, mzee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Kaburi la bibi lilikuwa ubavuni mwa msikiti. Maji yakijaa linafunikwa, yakipwa linafunuka, na babu hulifuta matope kwa kitambaa kama mtu anayefuta meza.

Sasa sikilizeni sheria. Sala ya Ijumaa kwetu haiswihi mpaka watimie wanaume arobaini, wakazi, waliobaleghe, wenye akili timamu. Hilo sharti la mwisho ndilo lililotutia mashaka zaidi, lakini Kiai Mastur, imamu wetu, aliamua kutolichunguza. Mwaka uliotangulia, familia kumi na tisa zilipohama kwa mkupuo, waliobaki walikutana msikitini wakaahidiana: Ijumaa ikisimama, hakuna anayehama. Ikianguka, kila mtu na njia yake, bila lawama. Babu ndiye aliyelitamka neno hilo, mkono wake ukiwa juu ya ngoma kubwa inayopigwa msikitini kuita sala.

Na babu ndiye aliyehesabu. Kwa kuwa hakuona nyuso, alihesabu kandambili. Kila Ijumaa, kabla ya hotuba, alipita ngazini akizigusa jozi moja moja kwa ncha ya fimbo. Tek, tek. Akifika arobaini humwashiria Kiai, naye Kiai hupanda mimbari, akiinamisha kichwa asijigonge kwenye boriti.

Jumatano ya kwanza tangu nirudi, mchana, nilikuwa nikichota maji ndani ya boti ya baba. Nikamwona jirani yetu Rukin, mtengeneza kitoweo cha kamba wa kusaga, akisukuma mtumbwi wenye kabati, kitanda, kuku wawili, na mke wake juu ya vyote hivyo.

"We kipara," akasema, "hujaniona."

"Sijakuona, Ami Rukin. Ila kabati lako limenisalimia."

"Usinitanie leo. Mimba ya huyu ina miezi minane. Unataka azalie juu ya meza?"

"Na Ijumaa?"

"Mwambie babu yako nimekwenda kununua mafuta ya taa."

"Na kitanda?"

"Mafuta ni mengi," akasema, akazidi kusukuma. Mkewe alikuwa akilia.

Basi tulikuwa thelathini na tisa, na mwenye kujua nilikuwa mimi. Ningeweza kusema. Lakini usiku niliorudi kutoka bwenini babu alikuwa ameniambia, akinishika kipara kwa vidole vyake vikavu, "Umeongeza mmoja, mjukuu wangu. Umekuja tukiwa ukingoni, tumepungukiwa na mmoja juzi tu." Maishani mwangu sijawahi kuwa na faida kwa mtu. Nilikwenda chini ya nyumba, mahali bahari inapotupa takataka zake, kutafuta kandambili. Bahari huleta kandambili kila siku. Isicholeta ni jozi. Nilipata mbili za rangi ya buluu, saizi moja, zimechakaa sawasawa. Zote za mguu wa kushoto. Nikasema: fimbo haina macho.

Ijumaa ile, tek, tek, babu akafika mwisho wa ngazi. "Arobaini," akasema, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyepewa sukari guru. Nilisali safu ya nyuma nikijua kwamba watu thelathini na wanane wanadanganywa mbele ya Mungu, na anayewadanganya hana hata nywele za kuficha uso.

Ijumaa ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Aliyeuliza habari za Ami Rukin nilimwambia yuko kwenye mafuta ya taa, na Ijumaa husali nami safu ya nyuma. Jozi yangu nilikuwa nikiiweka katikati ya nyingine, si pembeni, kama ustadi wa kazi unavyotaka.

Nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha. Serikali ilikuwa imejenga nyumba kule vilimani, na jina la baba lilikuwa kwenye orodha. Alitakiwa aende kutia sahihi kabla ya mwezi kwisha.

"Nenda kesho," mama alimwambia, mkono kiunoni. Alikuwa hawezi tena kunyooka hata akiwa nje, penye mbingu yote.

"Ijumaa imesimama, mama watoto."

"Imesimama kwenye maji ya magoti! Mgongo wangu nao umeweka ahadi na nani?"

"Nitamwambia nini baba yako?"

Mama akarudi mekoni. Nami nilikuwa pale, mdomo umejaa wali. Sentensi moja ingetosha. Niliumeza wali, nikaimeza na sentensi.

Ijumaa ya nne maji yalikuja mapema. Kiai alikuwa katikati ya hotuba tuliposikia yakiguguna ngazi. Tuliposujudu rakaa ya pili, paji langu liligusa mkeka uliolowa. Tulipotoa salamu, kandambili zote zilikuwa zimekwenda. Zilielea uani kama bata, kuelekea makaburini.

Watu wakajitosa, sarungi zimepandishwa mapajani. Utani ukaanza, maana sisi tukizama hutaniana.

"Kiai! Zako zimekimbilia Borneo!"

"Ziache zitangulie, nitazifuata."

"Darsono, hiyo yangu! Yako ilikuwa na kiraka!"

"Yangu haina kiraka, ina tundu. Heshimu tofauti."

Kila mtu akapata zake, akavaa, akasimama. Juu ya maji ikabaki jozi moja ya buluu, ikizunguka taratibu mahali lilipo kaburi la bibi. Utani ukakatika. Darsono aliziokota, akazigeuza, akaziweka sambamba.

"Za nani hizi?"

Kila mtu akatazama miguu yake.

"Zote za kushoto," akasema, polepole, na nikaona watu wakianza kutazamana, wakihesabu kwa macho, midomo ikichezacheza. Macho ya baba yalifika kwangu, yakapita, yakarudi.

"Ni zangu," babu akasema.

Alikuwa amekwisha kuvaa za kwake. Akazivua, akanyoosha mkono, akapokea zile za buluu, akaingiza miguu. Mguu wa kulia ulikataa. Kidole gumba kikatokeza upande. Akasimama hivyo ndani ya maji, mbele ya watu wote.

"Mhesabuji ni mimi," akamwambia Kiai. "Kosa ni langu. Na si la leo tu. Ni Ijumaa nne."

Kiai Mastur alizivua kandambili zake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Turudi ndani. Tutasali adhuhuri. Hizo nyingine tatu kila mtu atazilipa kwake." Tukapanga safu upya, maji yakitufika vifundoni. Hakuna aliyenilaumu. Heri wangenilaumu, adhabu nimeizoea.

Nilipomshika babu mkono kumrudisha nyumbani, nilimwuliza alijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Niliinama nikazipapasa. Binadamu hana miguu miwili ya kushoto."

"Mbona ulisema arobaini?"

Alitembea hatua kadhaa, kandambili zikimpiga visigino. "Nilitaka Ijumaa moja zaidi," akasema. "Halafu ikaja nyingine."

Jumamosi familia sita zilifungasha. Jumatatu baba alikwenda mjini kutia sahihi, akarudi jioni na mikono mitupu. Orodha ilikuwa imefungwa mapema, siku ya Alhamisi, na nafasi yetu ilikuwa imekwisha kupewa wengine.  Mama aliendelea kukunja nguo, ameinama.

Sasa tunaishi chumba kimoja nyuma ya kiwanda, pembezoni mwa mji. Paa lake ni la juu sana. Mama huingia ameinama bado. Baba hapati kazi, maana huku udongo hauuzwi, upo. Bweni lilinipokea tena, wakanikuta mtulivu, wakadhani ni malezi yao.

Nilipokuja likizo nilimpeleka babu Ijumaa kwenye msikiti mkubwa wa mji, ule wa marumaru. Watu elfu mbili kama si zaidi. Nilimwacha ngazini nikaenda kutawadha. Niliporudi alikuwa ameinama kwenye lile rundo la viatu, fimbo mkononi. Tek, tek. Watu walimruka wakiwahi safu. Akafika arobaini, akasimama, akageuza uso kule ndani kumwashiria mtu. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Hotuba ilikwisha anza zamani, kwenye vipaza sauti.

Akarudisha fimbo kwenye kiatu cha kwanza.

"Mzee, unatafuta viatu vyako?" mlinzi akamwuliza.

"Hapana, baba," babu akasema. "Subiri. Usinipoteze."