Mkasi wa Mjomba

Mjomba alirudi kutoka semina ya siku mbili na kofia ya bure na wazo moja. Miaka ishirini fundi cherehani, leo anatuambia biashara ya maana ni ile inayojiendesha, mwenyewe kalala kwake.

"Kuanzia kesho siji. Mkimaliza mwezi bila kuniita, wewe mpwa wangu ndiye msimamizi. Mkiniita hata mara moja, namweka shemeji yangu."

Huyo shemeji kutunga uzi kwenye sindano kwenyewe hajui. Nikaapa sitamwita mjomba hata duka liwake moto.

Akabandika makaratasi ukuta mzima. Namna ya kusalimia mteja. Namna ya kukunja suruali. Namna ya kufunga mlango, na mlango wenyewe una komeo moja. Akaondoka.

Saa tatu asubuhi mwalimu mmoja akaleta kitambaa cha gauni. Nikampima, nikatandika kitambaa mezani, nikanyoosha mkono nichukue mkasi. Hakuna. Mjomba kaenda nao. Tangu afungue duka anakata yeye tu, sisi tunashona. Mkasi wake ni kama mswaki, hauazimwi.

Nikaenda kwake. Sikumwita, nilimfuata.

"Mjomba, naomba mkasi."

"Mkasi siutoi. Lete kitambaa nikate."

"Si unapumzika?"

"Napumzika. Hapa nanyoosha vidole tu."

Kufika Jumatano alikuwa ananyoosha vidole tangu asubuhi mpaka jua linazama. Meza ya kulia imejaa vitambaa, vipande mpaka chini ya makochi, wateja sebuleni wanagombea foleni. Mkewe siku tatu anakula kasimama jikoni. Ya nne akamwambia, "Mume wangu, biashara inajiendesha, nimekubali. Sasa mbona imejiendesha mpaka kwangu?" Akatutoa nje wote, na vitambaa vyetu.

Hapo nikanunua mkasi wangu. Nguo ya kwanza kukata ilikuwa koti la dereva mmoja mwenye tumbo. Nikapima mara tatu, jasho likadondokea chaki. Koti likamkaa. Mpaka mwezi unaisha nilikata kila kitu, na mjomba hakugongewa mlango tena.

Siku ya mwisho akaja. Akageuza kola, akavuta mishono, akatafuta kosa mpaka kwenye mifuko.

"Nani kakata?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote, mjomba."

Akakaa. Nikawa nasubiri cheo changu.

"Kwa hiyo wewe ukiugua, kazi inasimama."

"Labda siku mbili tatu."

"Unaona sasa? Biashara inakutegemea wewe. Umeniharibia mpango mzima."

Nikapewa likizo, siku ya kurudi haikutajwa. Msimamizi ni shemeji yake. Mjomba alinieleza sababu kwa upole kabisa: yule ndiye mtu pekee pale dukani ambaye asipokuja, hakuna kinachoharibika.