Hadithi ya Mezani na Hadithi ya Jikoni

Mwaka ule Shauna alifinya pirohi, vile vifuko vya unga vya kujaza viazi, peke yake. Mumewe, Bohdan, alijitolea kumsaidia. Akasukuma unga, akakata viduara vitatu, vyote vikatoka kama masikio ya ng'ombe.

"Toka," Shauna alimwambia. "Nenda kamsaidie baba yako kutandaza nyasi za sikukuu mezani."

"Kashatandaza. Kapanga kitambaa juu yake utadhani anamlaza farasi."

"Basi nenda ukakae tu."

Bohdan alicheka akaenda, na jiko likabaki kimya, kimya ambacho Shauna alikuwa akikikwepa tangu asubuhi. Ulikuwa mkesha wa Krismasi ya kale, ile ya Januari, ambayo ukoo wa mumewe haukuiacha hata kidogo tangu wazee wao walipotoka Ukraine wakaja kulima tambarare za Saskatchewan. Na miaka yote aliyoolewa katika nyumba ile, mkesha huo aliupitisha kwenye meza hiyo ya jikoni akiwa bega kwa bega na mama mkwe wake, Yevka. Yevka alizikwa mwezi wa Mei, ardhi ilipolainika.

Shauna alikuwa mgeni wa mambo hayo. Kwao, mjini Regina, Krismasi ilikuwa bata mzinga na televisheni. Mara ya kwanza alipofinya pirohi, zote zilifunguka sufuriani, viazi vikamwagika majini. Yevka alichungulia ndani akasema, "Hizi zina midomo wazi kama majirani zetu." Hakusema zaidi. Alimshika vidole, akamwonyesha jinsi ya kubana ukingo wa unga, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka Shauna akaweza.

Na siku alipoweza, Yevka alifunga mlango wa jiko akampa hadithi.

"Wanaume wana hadithi yao ya mezani," alisema. "Inapita kwa damu, baba kwa mwana. Hii yetu haipiti kwa damu. Inapita kwa sisi tuliokuja kuolewa. Mimi nilipewa na mama yake mume wangu Orest, naye alipewa na mama mkwe wake, Paraska, aliyeianza. Haivuki kizingiti hiki, umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Shauna hakuivusha. Hata Bohdan hakuwahi kuisikia.

Sasa jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghala ya nafaka, na Tesia, binti yao wa miaka tisa, alikuwa amebandika pua dirishani akingojea nyota ya kwanza, maana kabla ya nyota hakuna anayegusa chakula.

"Nimeiona!"

"Ile inatembea," Bohdan alisema. "Ni ndege inakwenda Winnipeg."

"Babu, mwambie Baba anyamaze!"

"Nyamaza, Bohdan," alisema mzee Orest bila kugeuka. Alikuwa amesimama kwenye kona yenye mganda wa ngano, amevaa shati lililotariziwa na mkewe, kifungo cha shingo kimekosewa tundu. Shauna alikiona. Alitaka kumrekebishia, akaona afadhali amwache.

Nyota ilipotoka kweli, waliketi. Vyakula kumi na viwili vilikuwa mezani, visivyo na nyama wala maziwa, kama ilivyo ada: supu nyekundu ya bitiruti, samaki, maharage, kabichi za kukunja, pirohi. Upande wa mlango wa jiko iliwekwa sahani ya marehemu, ambayo haikaliwi na mtu. Kila mwaka huwekwa. Mwaka ule ilikuwa na jina: Yevka.

Orest aliwasha mshumaa, akasali, kisha akaanza hadithi ya mezani, kama baba yake alivyoianza.

"Babu yangu Hryn na bibi yangu Paraska walikaa majira ya baridi ya kwanza katika kibanda cha udongo, na mtoto mchanga, ambaye ndiye baba yangu. Krismasi ikakaribia, na ngano ya sikukuu hakuna. Hryn akasema, 'Mke wangu, sikukuu bila ngano si sikukuu.' Akatoka kwa miguu kwenda mjini, kule kwenye reli. Wakati wa kurudi dhoruba ya theluji ikamkuta njiani. Haoni mbele, haoni nyuma, gunia mgongoni. Akasema, leo nakufa. Ndipo akaona, mbali kabisa, taa. Paraska alikuwa amemwekea taa dirishani..."

Akageuza uso.

Tesia aliisogeza midomo kusema maneno yanayofuata, aliyoyajua kwa moyo, lakini babu yake alikuwa akiutazama mlango wa jiko.

"Hapa," Orest alisema taratibu, "hapa ndipo anapokwenda kuchukua chumvi."

Akaunyooshea mlango kidole.

"Kila mwaka. Nikifika kwenye taa, Yevka anainuka, chumvi, chumvi. Na chumvi iko hapo mezani! Na wewe, Shauna, unainamia sahani yako, kisha unamfuata. Mnadhani mimi kipofu? Nilikuwa nawasikia mnacheka huko."

Shauna alihisi uso ukimwaka. "Baba, haikuwa kwa ubaya."

"Najua. Sikumuuliza kamwe. Nilijiambia, mwache mwanamke na kicheko chake, ipo siku nitamuuliza." Akapangusa mdomo kwa kitambaa, ingawa alikuwa hajala kitu. "Sasa nakuuliza wewe. Mlikuwa mnacheka nini?"

Bohdan alimtazama mkewe. Shauna aliitazama ile sahani tupu. Aliapa kutoivusha kizingiti. Lakini aliwaza kwamba Bohdan hana ndugu wa kuleta mke nyumbani, na Tesia amezaliwa humu, hakuja kuolewa. Akinyamaza yeye, imekwisha. Na zaidi ya hayo, mzee alikuwa akimngojea kama mtu aliyeshika bakuli.

"Hryn hakwenda kutafuta ngano, Baba," alisema. "Aliondoka."

"Aliondoka vipi?"

"Alichoka na nchi hii. Aliuza koti la kondoo la mkewe akaenda kwenye reli, arudi kwao. Hakuaga. Majirani wakaja kumwambia Paraska kwamba mumewe ameonekana stesheni. Mkesha ulipofika, akapika viazi, na ngano kidogo aliyokuwa ameificha ya mbegu. Akawataja marehemu wake, na Hryn akamtaja humo humo. Akamwekea na sahani."

"Mungu wangu," alisema Bohdan.

"Na ile taa hakumwekea yeye. Mtoto alikuwa anakohoa, ndiyo maana hakuizima. Mlango ukafunguliwa, Hryn huyo, theluji mpaka kiunoni, mikono mitupu. Hajui aseme nini. Paraska akamtazama, akamtazama, akasema, 'Sahani ya walio hai sina. Ya marehemu ipo.' Hryn akaketi, akala."

Tesia alimgeukia babu yake. "Kwa hiyo ile yako ni uongo?"

"Mwaka uliofuata majirani walikuja sikukuu," Shauna aliendelea haraka, "wakamuuliza Hryn alikuwa wapi. Akaanza, 'Nilikwenda kutafuta ngano...' Paraska alikuwa anapakua supu. Angeweza kumuumbua pale pale. Akaendelea kupakua. Baadaye alimwambia mama yako, Baba, kwamba mtu akishajitia aibu ya kurudi, usimngojee mlangoni na fimbo."

Orest aliweka mikono yote miwili mezani. Mabega yakaanza kumtetemeka, na Shauna akadhani amemliza, mpaka aliposikia kwamba ni kicheko, kisha akaona kwamba ni vyote viwili.

"Mjue kitu," alisema alipopata pumzi. "Mimi nilimkuta babu Hryn, nikiwa mdogo kuliko Tesia. Mkesha wa Krismasi alikuwa anakula kwenye sahani ya marehemu. Kila mwaka! Sisi watoto tulikuwa tunaona haya. Baba alikuwa anamgombeza, 'Baba, hiyo si yako, utajiletea nuksi.' Na bibi, ambaye hakukubali mtu aguse chochote mezani, yeye ndiye aliyekuwa anamsogezea. Anamsogezea, anampigapiga bega. Tulisema uzee umewachanganya."

Alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Yevka alijua kwamba aliendelea kuilia sahani hiyo kila mwaka?"

"Hapana, Baba. Hiyo sikuwahi kuisikia."

"Basi mimi nilikuwa na kipande chake, na yeye alikuwa na changu. Miaka yote ile, ukuta tu katikati." Akaivuta sahani ya mkewe, akaitia pirohi kwa uangalifu, akachagua zile zilizofinywa vizuri. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Si uongo wote, Tesia. Dhoruba ilikuwapo. Taa aliiona. Kurudi alirudi."

"Mwaka kesho utasimulia ipi?"

"Nitasimulia yangu mpaka kwenye taa. Halafu mama yako apokee."

"Supu inapoa," Bohdan alisema, sauti yake nzito, akaanza kuwapakulia.

Lakini Orest hakushika kijiko. Alimsogelea Shauna kidogo, kama mtu anayeomba kitu asichojua kama anastahili.

"Yevka alikuwa anaisemaje pale Hryn anapofika mlangoni? Si maneno. Yeye mwenyewe alikuwaje?"

Shauna akafikiri. Kisha akainuka, akaweka mkono mmoja kiunoni, akainua kidevu, akakunja jicho moja kama Yevka alivyokuwa akilikunja anapomtania mtu anayempenda, na akaanza hadithi tena tangu mwanzo.